Mtu wa Mkiani

Visa vya majini nimevisikia mpaka masikio yamefanya sugu, lakini mbele ya hiki cha fundi Muslim wa Hamriya, vyote vingine ni uji. Na sikukiokota njiani. Nimehadithiwa na mwanawe mwenyewe, Rawan, nimekaa sebuleni kwake Mabela.

Muslim alikuwa fundi wa redio. Maskati nzima hakuna redio iliyomshinda; ungemletea hata sufuria angeisemesha. Alitoka Unguja ana miaka sita, sasa ana sitini na saba. Duka lake uchochoroni, chumba chake cha kulala juu ya duka. Mkewe, Wadha, alikufa, huu mwaka wa pili. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina. Mwanawe anamwita Baba, wajukuu Babu, wateja Fundi. Wadha peke yake ndiye aliyekuwa akimwita "Muslim", kutoka jikoni, kwa sauti ya chini, naye akiitika "Naam".

Rawan kamtayarishia chumba Mabela zamani. Kila akimwambia ahamie, hujibu, "Ijumaa ijayo, mwanangu." Ijumaa zimepita mia.

Basi siku hiyo, mwezi wa sita, jua la kukaangia yai juu ya boneti, akaja Badr, yule anayekusanya vitu vya kale. Kashika boksi. Ndani mna hedifoni kuukuu za ngozi, na kitabu cha historia ya kikosi kimoja cha ndege za mabomu za Marekani, cha enzi za vita kuu.

"Zifanye ziseme, fundi," Badr akasema. "Nataka wageni wangu wasikilize."

Kiingereza cha Muslim kilikuwa cha kununulia vipuri tu. Akamwita Nahashon, Mkenya wa duka la simu la jirani, amsomee.

"Mzee, hawa walikuwa watu kumi kwa ndege moja," Nahashon akasema, anafunua kurasa. "Huko juu hewa hakuna, na baridi inaua. Kila dakika kumi mkubwa wao anaita mmoja mmoja kwa hizi hedifoni. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi. Lazima kila mtu aitike, ndio wajue bado ako hai."

"Na huyo wa kumi nani?"

"Wa mkiani. Anakaa peke yake na bunduki, amewapa wenzake mgongo. Anaona tu kule wametoka."

Muslim akaacha kukaza skrubu.

"Siku moja wa kumi hakuitika. Wakadhani amelala, wakaendelea na safari. Kutua, wakampata ameganda kwa kiti. Baadaye kikosi kikarudishwa Amerika, kikafanywa cha kufundisha vijana, na somo la kwanza likawa hilo: ukiita na mtu hajaitika, ita tena. Usiache kuita." Nahashon akafunga kitabu. "Hii kitu irudishe, mzee. Imenikalia vibaya."

"Mkubwa mzima unaogopa ngozi na waya," Muslim akamcheka.

Adhuhuri ikaswaliwa. Maduka yakafungwa. Nahashon akaenda kulala. Hamriya saa hiyo hata paka humwoni.

Muslim akabadilisha waya, akaziweka masikioni apime. Waya haukuunganishwa na kitu. Ncha yake ilikuwa mezani, mbele ya macho yake.

Akasikia mngurumo.

Kisha sauti, kavu, ya mbali. Inahesabu kwa Kiingereza. Mtu akaitika. Wa pili akaitika. Wa tatu. Mpaka wa tisa.

Wa kumi.

Kimya.

Wa kumi.

Kimya.

Akazivua. Ngozi ilikuwa ya baridi kama samaki wa friji.

Akampigia Rawan, akamweleza. Rawan akashusha sauti. "Baba, usiitike. Bibi alitufundisha nini? Usiyemuona akikuita, nyamaza."

"Hawaniiti mie, mwanangu. Wanamwita mwenzao."

"Nakuja kukuchukua. Leo, si Ijumaa. Usizivae tena."

"Haya. Njoo."

Kutoka Mabela mpaka Hamriya si karibu. Muslim akakaa. Kiti kimoja, meza moja, kikombe kimoja. Dakika kumi zikapita. Hedifoni zikaanza kunguruma pale mezani, taratibu. Akamfikiria yule wa nyuma. Anaitwa, na hawezi kuitika.

Akazivaa.

Wa nane. Wa tisa.

Kimya.

Halafu sauti ikabadilika. Ya chini. Kama inatoka jikoni.

"Muslim."

Alijua hapaswi kuitika. Wallahi alijua.

"Muslim."

Miaka miwili hajaitwa jina lake.

"Naam," akasema.

Rawan alimkuta kageuza kiti, uso ukutani, mgongo mlangoni. Kiyoyozi kimezimwa, duka linachemka kama tanuri. Nyusi zake zina barafu. Masikio meupe kama chokaa. Daktari alisema kaunguzwa na baridi, akauliza mzee katokea nchi gani. Hedifoni Badr alizichukua. Anasema ni bubu, hazisemi kitu.

Sasa Muslim yuko Mabela, katika kile chumba. Yu hai. Ukimlisha anakula. Lakini ukimkalisha vipi, atageuka aelekee ukuta, awape watu mgongo. Na kila dakika kumi husema, polepole, "Naam." Saa ya ukutani waliitoa. Hakosei.

Rawan akimwita "Baba", hasikii.

Mchana mmoja Rawan alimpelekea chai ya maziwa. Akafunga mlango, kwa aibu ya analotaka kufanya, maana mtoto kwetu hamtaji babake kwa jina. Akamwita kama mamake alivyokuwa akimwita.

"Muslim."

Mzee akageuka. Mara ya kwanza. Akamtazama mwanawe usoni, muda mrefu.

"Wewe," akanong'ona, "wa ngapi?"

Rawan akajiziba mdomo. Mzee akangoja. Akangoja. Kisha akarudi ukutani kwake.

Chai bado ilikuwa mkononi mwa Rawan. Imeganda barafu, kijiko kimesimama wima. Aliipandisha juu ya paa, akaiacha juani. Miezi miwili sasa. Nimepanda ngazi nikaigusa kwa kidole hiki.

Haijayeyuka.