Tepe za Kijani

Kila kilicholiwa nyumbani kwao kilipita kwanza mikononi mwa msichana mmoja wa miaka kumi na miwili. Baba yake alimpa jina la Karani, kwa kuwa alisoma maandishi ya kila pakiti kwa sauti, neno kwa neno, kama karani wa mahakama asomaye mashtaka. Biskuti zilisomwa. Mchuzi wa chupa ulisomwa. Hata pipi za mdogo wake wa miaka saba zilisomwa, na nyingi zilikutwa na hatia.

Karani hakufanya hivyo kwa mzaha. Mwili wake haukupatana na gluteni, yaani ile sehemu ya ngano inayolifanya donge la unga linate na kuvutika. Kabla daktari hajagundua tatizo hilo, alikuwa ameishi miaka miwili akiumwa tumbo, akikonda na kusinzia darasani mpaka walimu wakamdhania mvivu. Tangu aache ngano, mashavu yalirudi, nguvu zilirudi, na katika mashindano ya mbio ya shule alishika nafasi ya tatu. Miezi kumi na moja ilipita bila kuumwa hata siku moja.

Miezi hiyo kumi na moja ndiyo iliyomponza. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba ugonjwa huo hutulia lakini hauponi. Karani aliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Sasa alijitazama kwenye kioo, akaona msichana mwenye afya tele, akaanza kujiuliza kama huenda alikuwa amepona, ila hakuna aliyewahi kujaribu ili kujua.

Jumamosi moja mama, ambaye alikuwa mshonaji wa mapazia, alimaliza kazi kubwa ya hoteli na kutangaza kwamba siku hiyo hapiki. Saa sita kasorobo familia nzima ilikuwa imeketi katika mkahawa wa Kiitaliano uliokuwa mtaa wa pili. Baba alikuwa fundi saa, na akisema saa sita kasorobo, hakuwa na maana ya saa sita kasoro dakika kumi na nne.

Mkahawa huo haukuwa wa makuu. Ulikuwa na meza nane, vitambaa vya mezani vyenye mistari myekundu, na ubao mweusi ulioandikwa vyakula kwa chaki. Nusu ya juu ya ubao ilikuwa ya piza na tambi za ngano. Nusu ya chini ilikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari: Bila Ngano. Hapo palikuwa na tambi za mchele na mahindi, kuku wa kuoka kwa limau, na supu ya mboga.

Mwenye mkahawa ndiye aliyepika, na kila mtu alimwita Mpishi tu. Alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kamwe. Vyombo vyote vya kupikia vyakula vya nusu ya chini, yaani sufuria, chujio, mwiko na kisu, vilifungwa utepe wa kijani kwenye mpini. Tepe zenyewe zilitokana na mabaki ya mapazia ya mama. Vyombo hivyo vilikuwa na jiko lao na rafu yao, mbali na meza ya unga. Chakula kilipoiva, Mpishi hakumwachia mhudumu akipeleke. Alikileta mwenyewe, akasimama wima na kutoa ripoti.

"Sufuria ya utepe, chujio la utepe, mwiko wa utepe. Mikono nimenawa mara mbili. Kula bila wasiwasi, mwanangu."

"Imepokelewa," Karani alijibu, kama ilivyokuwa kawaida yao.

Mdogo wake, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani yake na maswali yake yasiyokwisha, alikula piza. Yeye pia alikuwa na utaratibu. Alikula katikati kwanza, akapanga kingo kavu pembeni mwa sahani, ili azimalizie kwa kuzichovya kwenye mchuzi wa nyanya. Siku hiyo zilibaki kingo mbili. Baba aliinuka kuitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa ikichelewa na kumkosesha raha. Mama aliitwa jikoni kuziona tepe zilizoanza kuchakaa. Profesa alikwenda kunawa mikono iliyojaa jibini.

Karani alibaki peke yake na kingo mbili.

Zilikuwa za rangi ya kahawia, zimevimba hapa na pale, na zilinukia tanuri. Alijiambia kwamba hilo lilikuwa jaribio la kisayansi tu. Ya kwanza aliila haraka. Ya pili aliila polepole, kwa sababu ya kwanza haikumpa nafasi ya kuonja. Kisha akafuta midomo na kupangusa makombo.

Profesa aliporudi, aliitazama sahani yake kwa muda. "Kingo zangu ziko wapi?"

"Umezila."

"Sijazila. Nilikuwa nazo mbili."

"Profesa mzima hujui kuhesabu mpaka mbili?"

Profesa alilalamika hadi baba akamwambia aache kelele mezani. Karani alijitia hamnazo, akaendelea na tambi zake.

Saa kumi alasiri jaribio lilitoa majibu. Tumbo lilimsokota, akatapika mara tatu, akalala amejikunja huku mama akimpangusa uso kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Mama alimuuliza alichokula. Karani alijibu kwamba alikula tambi tu. Mama akauliza tena, taratibu, kama alikula kitu kingine chochote. Karani alitikisa kichwa.

Kutoka sebuleni alimsikia baba akimpigia simu Mpishi. Baba hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alieleza hali ya mtoto, saa aliyoanza kuumwa na chakula alichokula. Mwisho alisema, "Tulikuamini, bwana," akakata simu. Karani alijifunika shuka hadi kichwani.

Kesho yake asubuhi alikuwa amepata nafuu, ingawa miguu bado haikuwa na nguvu. Mpishi alikuwa amepiga simu, akaomba baba afike ajionee jiko mwenyewe, na kama mtoto anaweza kutembea, aje naye. Profesa aliwafuata bila kualikwa.

Walikuta mlango wa mkahawa uko wazi lakini viti vimepandishwa juu ya meza. Jiko zima lilikuwa limehamishiwa ukumbini. Sufuria zilipinduliwa. Chujio lilikuwa juu ya gazeti, na pembeni yake palikuwa na sindano ambayo Mpishi aliitumia kuchokoa kila tundu. Tepe za kijani zilikuwa zimefunguliwa zote na kurundikwa kwenye sahani moja. Karani aliutazama ubao. Nusu ya chini ilikuwa imefutwa.

Mpishi alimweleza baba hatua kwa hatua. Alikuwa amekagua rafu, jiko, maji, mafuta, hata aproni yake. Alikuwa amesoma pakiti ya tambi mara nne. Hakuona kosa.

"Ningeliona, ningelirekebisha," alisema. "Nisiloliona nitalirekebishaje? Nimeamua kuacha. Nitapika vya ngano tu. Siwezi kumwekea mtoto wa mtu sahani mbele yake huku nina shaka na mikono yangu."

Baba, aliyekuwa amekuja na maneno makali, aliyameza.

Wakati huohuo aliingia mwanamke mzee mwenye mkoba wa vitabu. Karani alimfahamu. Alikuwa mkutubi mstaafu, naye pia hakupatana na ngano. Kila Jumapili alikula hapo, kwenye meza ya dirishani, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye gilasi. Mpishi alimwendea na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba Karani aliugua baada ya kula hapo, na kwamba vyakula vya bila ngano havitapikwa tena. Bibi yule aliitazama meza ya dirishani.

"Basi," alisema. "Nitakwenda kula viazi vyangu nyumbani. Nimevila siku sita, ya saba haitaniua." Akampa Karani pole ya kuugua, akatoka taratibu.

Kisha Mpishi, pamoja na ukubwa wake wote, alipiga goti ili uso wake ulingane na uso wa Karani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwanangu, nisamehe. Uliniamini, nikakudhuru."

Karani alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi. Hakuwa amejiandaa kuombwa radhi. Alifikiri kwamba angeweza kusema "nimekusamehe" na yote yangekwisha hapo. Hakuna ambaye angejua kamwe. Lakini mkono wa Mpishi ulikuwa juu ya meza, karibu na ile sahani ya tepe, na vidole vilikuwa vimechubuka kwa kusugua.

"Si wewe," alisema. "Si wewe, Mpishi. Nilikula kingo za piza. Nilitaka kujua kama nimepona. Mama aliponiuliza, nikadanganya."

Wa kwanza kusema alikuwa Profesa.

"Mbili?"

"Mbili."

"Nilijua ninajua kuhesabu," Profesa alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana alionekana mtu mwenye amani.

Baba alimgeukia Mpishi na kumwomba radhi kwa maneno ya kwenye simu, kama mtu mzima anavyomwomba mwenzake. Mpishi alishusha kiti, akakaa. Aliifunua mikono yake, akaigeuza mbele na nyuma.

"Zilikuwa tamu?" aliuliza hatimaye.

"Sana," Karani alijibu, machozi yakimtiririka.

Mpishi aliguna, nusu ya mguno huo ikiwa kicheko. Lakini alipoanza kusema, uso wake haukuwa na mzaha. "Sikiliza vizuri. Ulipokula ngano, uliumiza tumbo lako. Tumbo lako litapona kesho au kesho kutwa. Uliponyamaza, uliuhamishia mzigo kwenye mikono yangu. Tangu jana nimekuwa nikiitazama kama mikono ya mtu nisiyemjua. Na yule bibi amerudi kwenye viazi vyake. Umeona uongo mdogo unavyotembea? Mimi naweza kufunga tepe mia. Mlaji asiposema kweli, tepe hizo ni mapambo tu."

"Nimekuelewa, Mpishi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa kimbia ukamrudishe mteja wangu."

Karani hakuweza kukimbia, lakini alitembea haraka kadiri miguu ilivyomruhusu. Alimkuta mkutubi kwenye kona, akisubiri kuvuka barabara. Alimweleza yote, pamoja na kingo na uongo. Mwanamke yule alimsikiliza hadi mwisho, kama mtu aliyezoea kupokea vitabu vilivyochelewa.

"Mimi nilijijaribu kwa keki," alisema. "Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Wewe angalau una kisingizio cha utoto. Ugonjwa wetu umelala tu, mjukuu wangu. Ukiwa na hamu ya kujua kama umeamka, muulize daktari, usiliulize tumbo."

Waliporudi, baba alikuwa ameshapandisha mikono ya shati na kuanza kurudisha sufuria jikoni. Karani alifunga tepe moja baada ya nyingine, kwa fundo ambalo mama alimfundisha. Kisha alichukua chaki na kuandika upya nusu ya chini ya ubao, kwa mwandiko wake bora. Jioni alimweleza mama ukweli bila kusukumwa. Mama alimwambia kwamba amekasirika, na kwamba afadhali hasira ya leo kuliko kuishi na mtoto ambaye neno lake lazima likaguliwe kama pakiti.

Mwezi uliofuata walirudi mkahawani. Saa ya ukutani ilikwenda sawasawa, kwa kuwa baba alikuwa ameitengeneza. Mkutubi alikuwa kwenye meza yake ya dirishani. Mpishi alileta tambi, akasimama wima.

"Sufuria ya utepe, chujio la utepe, mwiko wa utepe. Mikono nimenawa mara mbili." Hakuondoka. "Huo ni upande wangu. Na upande wako?"

Karani alifikiri kidogo, kwa sababu sasa alijua kwamba swali hilo lilihitaji jibu la kweli. "Jana rafiki yangu alinipa biskuti. Nilisoma pakiti, nikamrudishia. Sijala ngano tangu siku ile."

"Imepokelewa," alisema Mpishi. "Sasa sote wawili tumepika."

Profesa aliinuka kwenda kunawa mikono. Alipiga hatua mbili, akasita, akarudi mezani. Alizifunga kingo zake tatu kwenye kitambaa cha karatasi na kwenda nazo.