Kwenye Miti ya Parasolie

— Maji haidanganyake! Ukifwata muto, utakuta watu. Hata mutoto wa Bihambwe anajua.

— Hapa haiko Bihambwe, Mama Verdiane. Hii muto inashuka mu pori, inapotelea huko huko. Angalia kule jua inatokaka: unaona parasolie? Ziko mingi pamoja. Parasolie inaotaka pahali muntu alikataka shamba.

— Miti! Miye nifwate miti kama nyani?

— Nyani angekuwa amesha fika.

Miaka tisa Verdiane na Euphrasie walikuwa majirani, ua kwa ua, na hata huku katikati ya msitu wa Walikale waligombana kama vile wanagombea zamu ya bomba. Jana yake lori lililowabeba, wao na maharage yao na fromaje, jibini la kwao, za kuuza, lilikuta risasi zinalia mbele. Abiria wakaruka, kila mtu na upande wake. Verdiane, mume wake Symphorien na Euphrasie walijikuta wanakimbia pamoja. Symphorien akakanyaga kisiki cha mwanzi kilichokatwa mshazari, kikali kama mkuki. Kiliingia chini ya unyayo, kikatokea juu. Risasi ziliponyamaza, ukungu ulikuwa umeshuka, na barabara hawakuiona tena.

Euphrasie alizaliwa Walikale, akaolewa Bihambwe. Namna alivyopokelewa, mtaa mzima unaijua. Verdiane ndiye aliyeeneza kwamba chungu cha "mama wa pori" hakikosi nyama ya nyani. Hakuwahi kuvuka mlango wa mwenzake. Hata siku ya ubatizo wa Plamedi, mtoto wa Euphrasie, Verdiane alisimama uani, akatoa zawadi, akarudi kwake kula viazi.

— Mumalize basi, Symphorien akasema, amekaa juu ya mzizi, mguu umefungwa kitenge. Muguu haina masikio ya kusikiliza makelele.

— Weye unasema nini? mke wake akamuuliza.

Symphorien akacheka kidogo.

— Nafwata bibi yangu. Nikifwata jirani, nyumbani nitalala wapi?

Wakafuata maji.

Upupu uliwachoma mpaka mapajani. Siafu walipanda ndani ya nguo, wakang'olewa mmoja mmoja, vichwa vikabaki kwenye ngozi. Juu, hondohondo walipita na mabawa yenye kelele ya upepo wa mvua. Fromaje iliwatia kiu, wakanywa mtoni, wakala tena, kiu ikarudi. Euphrasie alichimbua matungulu, matunda mekundu ya pori, chini ya mashina, akayapasua, akawagawia. Symphorien alinyonya yake yote. Verdiane alishika lake mkononi mpaka likalowa jasho, halafu njaa ikamwamulia.

Siku ya tatu, saa sita, mto uliwaishia miguuni. Ulimwagika juu ya jabali na kuanguka chini kabisa, na kule chini ilikuwa ni miti, miti tu mpaka mwisho wa macho. Hakuna moshi. Hakuna paa.

Verdiane alingojea aambiwe, "Si nilikuambia?" Euphrasie alimwinamia Symphorien, akamtia bega chini ya kwapa.

— Tunarudi juu, papa. Unipe uzito wako.

Kupanda si kushuka. Mguu ulivimba ukawa wa rangi ya bilinganya, nzi wakaandamana nao kama jamaa. Homa ikaanza. Wanawake walimbeba kwa kupokezana, wakateleza, wakamwangusha, wakaomba pardo, wakamwinua tena. Sokomutu mmoja, sokwe mzee, aliwatazama kutoka kwenye tawi, akitafuna tunda lake bila haraka.

Siku ya tano asubuhi walifika kwenye parasolie. Zilisimama pamoja, majani yao kama miavuli, na chini yake mihogo ya zamani iliyoachwa ikawa pori. Mbele kidogo, sauti ya kuwika.

— Jogo, Symphorien akasema. Basi kuko watu.

Hakusema lingine. Wanaume wa kijiji walipokuja na kipoyi cha kubebea mgonjwa, walibeba maiti. Mzee mmoja aliuliza walipotea kuanzia wapi. Euphrasie alipomwonyesha, mzee akashangaa:

— Toka pale mpaka hapa, na mugonjwa, haipite nusu ya siku.

Verdiane alisikia.

Kule Bihambwe matanga yalijaa watu, na watu wakijaa, midomo inapata kazi. Siku ya pili maneno yalikuwa yameshaiva: mama wa pori ndiye aliyewapoteza, alitaka kuwafikisha kwao porini. Waliyasema karibu na Verdiane, kwa kumfariji.

Akasimama, kitambaa cha msiba kichwani.

— Yeye alituonyesha njia siku ya kwanza. Miye njo nilifwata maji. Symphorien alifwata miye. Mumesikia? Muende mukaseme ile.

Akatoka, akawaacha na vikombe vyao mkononi. Akavuka hadi uani kwa Euphrasie, akasimama palepale aliposimama siku ya ubatizo. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Euphrasie alikuwa anageuza ugali, jasho usoni, chungu kingine kimefunikwa pembeni.

Euphrasie alimtazama, mwiko mkononi. Hakutabasamu.

— Ingia ukule, Mama Verdiane. Na usiniulize iko nyama gani.