Maji ya Kwetu

Kila Jumamosi asubuhi Matrida alifuatana na shangazi yake Dorah kutoka Nyakato hadi soko la Mwigobero, kando ya ziwa, kununua dagaa. Shangazi akishaanza kubishana bei hamalizi leo, kwa hiyo Matrida alikaa ufukweni akiwaza kwao Butiama, alikomwacha mama yake alipokuja mjini kusoma.

Jumamosi moja hamu ya nyumbani ilimzidi. Jana yake mwalimu Revocatus alikuwa amewafundisha kwamba mto ukiwa bado mchanga huwa mwembamba, hukimbia mteremkoni na kuchimba bonde lake.

"Wa kwetu nilikuwaga nauruka!" Matrida alisema, darasa zima likacheka. "Unaanzia kwenye chemchemi nyuma ya nyumba. Mama anachotaga hapo."

"Basi na huo unaishia ziwani," mwalimu alimjibu.

Ziwani! aliwaza sasa pale ufukweni. Kumbe maji haya yaliyomlowanisha miguu huenda yalipita miguuni pa mama. Matrida alitazama huku na huku, akachota kwa viganja, akanywa. Hayakuwa na ladha ya kwao hata kidogo. Akanywa tena, akiitafuta.

Kufikia Jumatatu tumbo lilikuwa linamsokota na anaharisha, hata kusimama hawezi. Shangazi alimkimbiza zahanati, Matrida akapewa dawa, kisha shangazi akampigia simu mama wa Matrida. Mama alifika nyumbani kwa shangazi jioni, kanga imejaa vumbi la safari, mkononi ana dumu dogo la maji. Matrida alimng'ang'ania shingoni, akalia, akaeleza yote.

"Nilikuwa nakutafuta wewe, mama."

"Najua, mwanangu." Mama alimfuta machozi. "Lakini mto ukitoka kwetu bado ni mtoto. Mpaka ufike huku umeshapita kwenye mazizi, kwenye mashamba, wanakofulia na wanakooshea pikipiki. Unabebaga vyote hivyo."

Matrida alilitazama dumu. "Hayo ni ya chemchemini? Nipe ninywe."

Mama aliyamimina kwenye sufuria, akaibandika kwenye jiko la mkaa.

"Hata haya, mama?"

"Hata haya. Kukumbuka nyumbani si kosa, Matrida. Ila maji ya kunywa yanachemshwa, yawe ya ziwani, yawe ya kwetu."

Yalipopoa, Matrida alikunywa kikombe kizima, polepole. Yalikuwa na ladha ya kwao, na moshi kidogo. Kwa mkono mmoja alishika kikombe, na kwa mwingine alishika kanga ya mama yake, asije akaondoka.