Siri ya Mlango wa Chumvi

Foleni ya samaki wa Ijumaa wakati wa Kwaresima, katika ukumbi wa chini wa kanisa pale Milwaukee, haina adabu hata kidogo. Watu wanasukumana na makoti yao mazito, mafuta yanachacharika jikoni, akina mama wa parokia wanaita namba kama wapiga mnada. Hapo ndipo Darcy Wolnik, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, koti jekundu la sufu na midomo ya rangi ile ile, alipomkanyaga mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

"Kanyaga na mguu huu mwingine," mwanamume akasema, "usije ukaulaza na wivu."

"Pole jamani! Nimekuumiza?"

"Viatu vya fundi wa lifti hivi, dada. Vina chuma mbele. Labda wewe ndiye umeumia."

Darcy akacheka mpaka akapitwa na namba yake. Wakala meza moja, yule fundi akampa chapati yake ya viazi bila kuombwa. Jina lake Emmett Raasch, mrefu, mikono mikubwa yenye harufu ya grisi na sabuni. Pasaka ilipofika walikuwa wapenzi, na walioona wivu waliona.

Darcy alipenda kumsikiliza akisimulia kazi yake. Watu wakikwama kwenye lifti, Emmett haanzi na spana. Anaweka mdomo kwenye ufa wa mlango na kusema, "Niko hapa. Sisogei." Ndipo anafungua mkoba.

Naye Darcy kazi yake ilikuwa kuchagua filamu katika sinema kongwe ya Marigold. Jioni moja mwezi wa tano akaja anaruka kama mtoto.

"Mpenzi, nimeipata nakala ya Mlango wa Chumvi!"

Emmett akaacha kutafuna. Filamu ile ilitolewa katika riwaya ya zamani ambayo kila mtoto wa huko husomewa shuleni: ndugu watatu wanashuka mgodini kumtafuta baba yao, na chini huko yupo bibi wa chumvi anayewafungia watoto ukutani. Iliitwa ya watoto, lakini kizazi kizima kililala taa zikiwaka kwa ajili yake.

"Yule mdogo mwenye taa," Emmett akasema polepole, "ni mimi."

"Acha utani wako!"

"Jina langu liko mwishoni mwa filamu, mstari wa tatu. Nilikuwa na miaka tisa. Na kile kilio siyo uigizaji, Darcy. Mlango ulikwama kweli. Waliokuwa nje walijua, lakini kamera ilikuwa inachungulia tunduni, wakaona nalia vizuri, wakaniacha. Nikajikojolea. Sijamwambia mtu, hata marehemu mama. Na filamu yenyewe sijaitazama mpaka leo."

Darcy akamshika uso kwa mikono miwili. "Hiyo umeizika kwangu, laazizi."

Kumbe kaburi lenyewe halina mlango! Ulimi hauna mfupa, na wa Darcy ulikuwa na hadhira.

Pale Marigold kulikuwa na desturi. Kila Jumamosi kabla taa hazijazimwa, mchagua filamu hupanda jukwaani kutoa siri moja ya filamu, na watu hupiga miguu sakafuni, "Siri! Siri!" Jumamosi ya kuonyesha Mlango wa Chumvi, Darcy alivaa gauni la kijani la kumetameta, na mkononi alikuwa na siri yake ameiandika vizuri: kwamba chumvi ya kwenye filamu ilikuwa sukari, na sisimizi walivamia.

"Tunaijua hiyo!" mtu akapiga kelele.

"Toa nyingine, Darcy! Umezeeka!"

Ukumbi ukaanza kuzomea, kwa utani tu, lakini Darcy hakuwahi kuzomewa. Uso ukamwaka moto. Kisha akajisikia anasema kwenye kipaza sauti, "Haya basi! Mtoto wa taa akifungiwa, mwangalieni suruali. Msidhani ni maji ya mgodini. Kaniambia mwenyewe!"

Watu mia tatu wakapasuka kwa kicheko. Darcy akainama kupokea makofi, na alipoinua kichwa akamwona Emmett amesimama kwenye njia ya kati, bado na ovaroli yake ya bluu, ameshika boksi mbili za bisi. Aliyeapa hatakuja kabisa, amekuja. Akaziweka zote mbili juu ya kiti, taratibu, akatoka.

Darcy alimkimbilia, viatu vikamwangusha kwenye ngazi. Alipofika nje gari lilikuwa limeondoka. Akarudi akasimama ukumbini nyuma, na sehemu ile ilipofika akawasikia watu wazima mia tatu wakimcheka mtoto anayelia. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Aliona aibu ya kutaka kuvua ngozi.

Siku nne simu haikupokelewa. Ya tano ikapokelewa.

"Emmett? Mpenzi, nisamehe. Nilikuwa nachekesha tu."

"Na kichekesho ndio mimi. Jumatatu vijana wa kazini wamenibandikia nepi kwenye mkoba wa vifaa. Mmoja wao alikuwepo Jumamosi, akasoma jina langu mwishoni."

"Mungu wangu."

"Unajua kwa nini nilikuja? Miaka thelathini naikimbia filamu ile. Nikajiambia, nikikaa na Darcy nitaweza. Siri ile nilikupa wewe, sikuupa ukumbi." Akakata.

Kulikuwa na onyesho moja limebaki, Jumapili ya pili yake, saa nane mchana, la watoto na wazazi wao. Darcy alifikiri kulifuta, akaona huko ni kujificha tena. Na aibu ikishapata kiti moyoni huwaita ndugu zake: ikamletea ya zamani zaidi, aliyoikalia toka utotoni. Safari hii alijifunza adabu. Akampigia kwanza mdogo wake Teddy, dereva wa malori kule Duluth.

"Teddy, unakumbuka Mlango wa Chumvi?"

"Siku uliyonitelekeza? Nitaisahauje!"

"Nataka kuisimulia mbele ya watu. Naomba ruhusa yako."

"Wee dada, mwenye aibu hapo ni wewe, mimi nilimaliza bisi zako! Simulia. Ila ujue, sikulia. Nilikuwa na miaka mitano, peke yangu gizani, nikamwangalia yule mwenye taa. Nikasema, huyu naye yuko peke yake. Alilia kwa niaba yangu, Darcy."

Darcy akamwandikia Emmett ujumbe mfupi: "Jumapili saa nane. Sitataja jina lako. Kama hutaki kuja, usije."

Jumapili alivaa sweta la kawaida la kijivu. Watoto wakapiga vijiguu vyao, "Siri! Siri!"

"Siri ya leo ni yangu mwenyewe," Darcy akasema. "Nilikuwa na miaka tisa nilipoiona filamu hii, hapa hapa. Mlango ulipofungwa nilikimbia mpaka nyumbani, nikamwacha mdogo wangu wa miaka mitano kwenye kiti. Kulia nililia, kumrudia sikumrudia. Mama alimfuata. Aliyebaki na mdogo wangu ni yule mtoto mwenye taa. Na juzi juzi nilisimama hapa nikawachekesha watu kwa machozi yake. Yalikuwa si yangu kuyatoa. Mtu anaweza kukimbia mara mbili katika maisha, na mimi nimekimbia mara mbili: kwanza mlango ule, kisha kuzomewa. Atakayeogopa leo amshike mwenzake. Basi."

Hakuna aliyepiga makofi. Taa zikazimwa.

Darcy akapita pembeni kuelekea nyuma, na pale mlangoni akamkuta Emmett, mkono kwenye kitasa.

"Huyo mdogo wako ni kweli?" akanong'ona.

"Kweli. Anasema ulilia kwa niaba yake."

Emmett akafuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akauachia mlango, akakaa kiti cha mwisho. Darcy akabaki amesimama, hajui kama ana ruhusa, mpaka Emmett akasogeza koti lake kutoka kiti cha pili.

Kwenye pazia la sinema taa ndogo ikashuka mgodini. Mlango wa chumvi ukajifunga, kilio kikaanza. Safu ya mbele katoto fulani kakasema kwa sauti, "Mama, mfungulie!" Hakuna aliyecheka. Emmett alishika mikono ya kiti mpaka vidole vikawa vyeupe.

Darcy akamwinamia sikioni. "Niko hapa. Sisogei."

Mtoto wa kwenye pazia akalia na kulia. Emmett akapumua.

"Bado naona aibu, Emmett. Sijui nitaiweka wapi."

"Usiiweke popote," Emmett akasema, macho kwenye pazia, mkono wake ukiutafuta wa Darcy gizani. "Kaa nayo hapa hapa, karibu yangu. Na ukae mpaka mwisho."