Picha Iliyomkata Mama Nasike Kichwa

Kila Jumatano baada ya masomo, chama cha kompyuta cha shule moja mtaani Langas, Eldoret, kilikutana maabarani. Muhula huo wanachama walikuwa wakitengeneza programu ya simu ya kuwapasha wazazi habari za shule. Kiplimo aliiunda programu yenyewe. Nekesa alipewa picha inayotokea kwanza programu inapofunguliwa: Mama Nasike, mpishi wa shule, akiwa amesimama nyuma ya sufuria ya githeri, kitambaa kipya kichwani.

Mwalimu Ayoo alimkabidhi karatasi. "Ijaribu kwenye simu ndogo, simu ndefu na kishikwambi. Kila ukimaliza kimoja, tia alama."

Nekesa aliijaribu kwenye simu ndefu ya shangazi yake. Picha ilijaa skrini vizuri. Akatia alama zote tatu, akakimbilia uwanjani kucheza kati, mchezo wa kukwepa mpira.

Siku ya wazazi, kabla ya Kiplimo kuieleza programu, Mama Nasike aliifungua kwenye simu yake ndogo, fupi. Aproni ikaonekana, na sufuria. Kichwa hakikuwepo.

"Wueh! Mama, kichwa umekisahau jikoni?" mzazi aliyeketi kando yake akatania. Ukumbi mzima ukacheka. Mama Nasike akaizima simu, akainamisha uso.

Mwalimu Ayoo akaitazama ile karatasi yenye alama tatu. "Picha ilijaribiwa. Basi kosa ni la programu. Kiplimo, keti. Hutazungumza leo."

Kiplimo akaketi. Nekesa alisimama kabla hajajua atasema nini.

"Mwalimu, si yeye. Nilijaribu simu moja tu. Alama mbili ni za uongo."

Hakuna aliyecheka sasa. Nekesa hakuthubutu kumtazama Mama Nasike.

Nekesa na Kiplimo walirudi maabarani. Waliipunguza picha, wakaiweka katikati, na nafasi iliyobaki wakaijaza rangi ya kijani, ili skrini ya umbo lolote ikate rangi tu. Wakaijaribu kwenye vifaa vyote vitatu.

"Pole, Mama," Nekesa alisema, akimwonyesha.

"Sasa huyu ni mimi," Mama Nasike akajibu. "Lakini umenifanya nichekwe mbele ya watu, mtoto wangu. Kile kitambaa cha kichwa nilikinunua kwa ajili ya picha hii."

Nekesa alilia. Mwalimu Ayoo alimngoja anyamaze.

"Picha imerekebishwa kwa dakika ishirini," alisema. "Uongo wako ulinifanya nimwadhibu asiye na kosa. Kazi ambayo hujaifanya, sema hujaifanya. Ukisema hivyo, nitakuongezea muda. Sasa twende, Kiplimo anasubiriwa ukumbini, na wewe utasimama kando yake."