Mate ya Mzee Kibe

Kilichomtia Debra shaka kwanza ni kikombe. Baba mkwe wake, Mzee Kibe, alirudi kutoka duka lake la uchapishaji kule River Road, akanywa chai, akakohoa kidogo, akaenda kulala. Debra alipokichukua kikombe akioshe, akakuta ute wa kijani umeganda chini. Ute ule ukajivuta, ukaanza kupanda ukingoni polepole kama konokono. Akaumwagia maji ya moto. Ulinuka maji ya maua yaliyosahauliwa ndani ya chupa, na harufu ile ilimkaa puani hadi jioni.

Hiyo ndiyo wiki ambayo mji mzima ulizungumzia homa mpya ya kifua. Nasimiyu, nesi aliyepanga chumba kwenye ploti yao pale Waithaka, alimwita Debra uani, barakoa usoni, akasimama mbali naye.

"Mama Kibe, hii kitu inatoka na mate, na kikohozi, hata na pumzi mkijifungia kwa nyumba. Fungua madirisha. Mzee akae kwake, avae mask, na nyinyi mnawe mikono. Na mtu anakohoa asishike mtoto. Mapafu yake bado ni kidogo sana."

Mtoto wa Debra hakuwa amemaliza hata mwezi. Alikuwa mwana wa kwanza, hivyo alipewa jina la babu yake, Kibe, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka, na mzee alimwita wajina. Kilichobaki ni baraka. Na mzee wa Kikuyu, kwa wasiojua, hubariki kwa mate: hutema kidogo tu, kwa upendo, kwenye kifua cha mtoto. Siku za kawaida ni jambo jema na la heshima. Wiki ile lilikuwa wazimu, na asinibishie mtu.

Mzee alijifungia chumba cha nyuma. Dirisha alilikomea, ufa wa mlango akauziba kwa gunia, maana aliamini kikohozi huletwa na baridi. Debra alimwachia chakula mlangoni. Sahani zilirudi zimelambwa hadi upande wa chini, zikiteleza mkononi, na Debra akaanza kuziosha huku amegeuza uso.

Alasiri moja, mvua ikinyesha, alisikia sauti mbili mle ndani. Moja ilikuwa ya mzee. Ya pili ilitoka chini zaidi, ikichemka kama uji sufuriani.

"Hapa pamezeeka. Nipe yule mdogo."

"Ni mjukuu wangu," mzee alinong'ona, analia.

"Wewe mbariki tu. Njia nitaijua mwenyewe."

Debra, mtoto akiwa mgongoni, akasogea dirishani akachungulia kwenye ufa wa pazia, akamwona mzee ameketi kitandani, kinywa wazi kuliko kinywa cha mtu kinavyoweza kufunguka, na kutoka kinywani humo lilining'inia fungu la makohozi ya kijani, nene kama utumbo wa mbuzi, halidondoki, linapepea kwa kila pumzi, na kwenye ncha yake kuna midomo miwili midogo ya mtoto anyonyaye, inafyonza hewa, inatafuta, hadi ikageuka upande wa dirisha, ikasikia harufu ya maziwa, ikaanza kufyonza kwa nguvu zaidi. Debra alikimbia hadi jikoni akatapika kwenye karai la vyombo.

Jioni akamwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Baba Kibe, kuna jini kwa koo ya mzee. Inataka mtoto."

Wainaina hakucheka. Yeye pia alikuwa amesikia usiku. "Nitaita Pasta Zadock."

"Muite. Lakini wakuwe nje, hapo uani. Ama wafungue madirisha."

"Tuombee mzee kwa matope, Debra? Watu watasema nimetupa baba yangu nje kama mbwa."

Jumamosi asubuhi pasta akaja na waumini wake, wakajazana kwenye kile chumba mpaka wengine wakapanda kitandani. "Funga kila kitu!" akaamuru. "Hii pepo isipate mahali pa kutorokea!"

Jamani! Wamekuja kuitoa, na mlango wanaufunga.

"Lete mtoto pia, dada," pasta akaita.

"Siingii," Debra alisema. Alisimama langoni, mtoto kifuani chini ya shuka, na hakuna aliyeweza kumsogeza.

Waliimba, wakapiga kelele, wakakemea uso kwa uso hadi mate yakaruka, wakafutana machozi kwa leso moja, na vioo vikalowa kwa pumzi zao, matone yakateremka ndani yakiacha michirizi ya kijani, hadi mzee akapiga ukemi mmoja na kitu kikapasuka kama jipu lililoiva. Kimya. Kisha haleluya.

Mzee akatoka wa kwanza, macho maangavu, sauti safi, akiuliza nani atampeleka Kenyatta Market akale nyama choma. Watu wakacheka, wakakumbatiana, wakaanza kutawanyika makwao. Na kila aliyempita Debra langoni alikuwa akisafisha koo. Debra alijibana ukutani.

Wainaina alitoka mwisho, machozi ya furaha mashavuni, mikono ameinyoosha. "Imetoka, Mama Kibe! Leta nimshike."

Kwenye pembe ya mdomo wake ute wa kijani ulikuwa unapanda kuelekea puani.

Debra akarudi nyuma, akavuka lango. "Usikuje karibu. Naenda kwa mama. Ingia kwa nyumba, ufungue madirisha yote, uvae mask. Nasimiyu atakuletea dawa. Ukipona kabisa, nipigie, nitarudi."

Wainaina alijifuta mdomo, akautazama mkono wake. Uso ukamsawijika. Alipozungumza ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile aliyomchumbia nayo, na alinong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa na aliye karibu.

"Debra, usiniache nayo."

Debra alimpenda mtu yule kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote. Akamfunika mtoto uso, akalivuta lango likafungika.