Darasa la Wanane

Uhakiki wa Idadi ya Wacheza Dansi Wasiozidi Wanane, Ukumbi wa Chini: ndilo jina la kazi aliyopewa rafiki yangu mmoja, karani wa manispaa. Akizidi hata mmoja, mwalimu wa baleti anapokonywa kibali.

Ukumbi haukuwa na dirisha. Mwalimu akazima taa, kama kawaida yake, ili wanafunzi wasikilize miguu yao badala ya kujitazama kwenye kioo.

“Nafasi ya kwanza. Visigino pamoja, vidole vikielekea nje. Mmoja mmoja.”

Gizani karani akahesabu visigino vikigusana, kila jozi kwa sauti laini kama kitabu kinachofungwa. Tisa. Taa ilipowaka, wanafunzi wanane, na mwalimu kando ya swichi.

“Umemficha wapi, dada?”

“Mfukoni. Tafuta, bwana mkubwa.”

Karani akapekua hadi nyuma ya kioo. Roho haikutulia. Akawatoa wote nje hadi kwenye korido, akafunga mlango, ufunguo akaushika mwenyewe, akawahesabu upya. Wanane, na mwalimu wao.

“Sasa niachie kibali changu,” mwalimu alisema.

Karani, kwa kejeli, akausogelea mlango. “Nafasi ya kwanza.”

Ndani ya ukumbi, visigino viwili viligusana.